Mlipuko hutawanya, basi nyota zilikusanyikaje?

Swali: Mimi ni mvuvi wa Kizingitini, Lamu, sasa nimestaafu bahari. Mjukuu wangu aliye sekondari ananiambia ulimwengu ulianza kwa Mlipuko Mkuu. Sikatai, lakini baruti naijua tabia yake: kinacholipuka hutawanyika, hakirudi kikajipanga. Basi nyota zilikusanyikaje makundi makundi? Na yale mawingu mawili meupe ya upande wa kusini, tunayoyaona usiku nyakati za kaskazi, yasiyoendeshwa na upepo, ni kitu gani?

Shikamoo, ami. Swali lako nimelisoma mara tatu na kila mara nimezidi kulipenda, kwa sababu umegusa pale pale wataalamu wa nyota walipokwama kwa miaka mingi. Lile la mawingu umelitia mwishoni kama nyongeza, lakini ni swali hilo hilo, tutafika nalo. Mimi ni mtoto wa Malindi, na katika jibu hili pwani yetu ina fungu lake, kubwa kuliko wengi wanavyojua.

Tuanze na jina. Baruti ina mahali pake: hulipukia hapa, vipande vikaruka kule, na nje yake kuna hewa ya kuvipokea. Mlipuko Mkuu haukuwa na "hapa" wala haukuwa na "nje". Chukua majahazi yaliyotia nanga mbele ya mji wa Lamu siku ya shwari. Hakuna linalokwenda, ila maji yaliyo kati yao yanatanuka yenyewe, na kila nahodha akisimama tezini anaona wenziwe wote wanazidi kuwa mbali naye. Aliye mbali zaidi ndiye anayetoweka haraka zaidi. Hakuna jahazi lililo katikati ambalo mengine yanalikimbia. Edwin Hubble, mtaalamu wa nyota wa Marekani, aliyaona haya angani mwaka 1929: galaksi, yaani yale makundi makubwa ya nyota mabilioni, zinaachana, na kadiri moja ilivyo mbali nasi ndivyo inavyokwenda kasi. Kinachotanuka ni nafasi yenyewe. Mjukuu hakukosea kulitumia neno mlipuko, ndilo tulilorithi, lakini linabeba picha ya baruti isiyohusika.

Hata hivyo hoja yako haijaisha, kwa kuwa kutanuka nako hutenganisha. Kukusanyika kulitoka wapi?

Miaka kama bilioni 13.8 iliyopita ulimwengu ulikuwa moto mkali, umechanganyika sawasawa kila mahali. Kwa miaka 380,000 ya mwanzo mwanga haukuweza kwenda mbali. Elektroni, zile chembe ndogo za umeme zilizomo ndani ya atomu, zilikuwa huru, na kila mwanga ulipopiga hatua uligongana na mojawapo ukapotezwa njia. Joto liliposhuka hadi nyuzi 3,000 hivi, elektroni zikashikana na viini vya atomu, zikapatikana atomu za hidrojeni na heli, na mwanga ukaachiwa. Mwanga huo bado unasafiri. Umepoa mno, leo ni mawimbi kama ya redio. Arno Penzias na Robert Wilson waliunasa New Jersey, Marekani, mwaka 1964, wakihangaika na mvumo ambao haukukoma kwenye antena yao, waelekeze upande wowote wa mbingu, usiku au mchana. Kwa hiyo tunayo picha ya ulimwengu ulivyokuwa siku ulipoanza kupitisha mwanga, na picha hiyo karibu haina alama yoyote.

Karibu, nimesema. Mwaka 1992 setilaiti iitwayo COBE ilionyesha kwamba joto la mahali na mahali lilitofautiana kidogo, sehemu moja hivi katika 100,000. Niruhusu nikupimie kwa bahari. Ni sawa na bahari yenye kina cha kilomita 1, na juu yake viwimbi vya sentimita 1. Wewe ungeitazama ukasema imelala kabisa. Na kila kitu unachokiona leo, Suheli, Kilimia, Jua letu, kimetoka katika vile viwimbi vya sentimita 1. (Vyenyewe vilianzaje? Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba katika sehemu ndogo sana ya sekunde ya kwanza ulimwengu ulitanuka ghafla, na mitikisiko midogo kuliko atomu ikavutwa ikawa mikubwa.)

Kilichovikuza ni uvutano, nguvu ile ile inayorudisha chini chubwi ukiitupa juu. Mahali penye maada nyingi (maada ni kitu chochote chenye uzito) kuliko jirani, hata kwa unywele, huvuta kidogo zaidi. Jirani anapungukiwa, pale panaongezeka, na kwa kuwa pameongezeka panavuta zaidi tena. Ndivyo utajiri unavyokwenda mjini, mwenye duka la kwanza hupata la pili kwa urahisi kuliko asiye nalo kupata la kwanza. Kutanuka kunapinga, lakini hakushindi kila mahali. Penye uzito wa kutosha, maada huacha kusambaa na nafasi, husimama, kisha hujirudia ndani yake.

Hapa sasa ndipo wataalamu walipokwama, na nakuomba ukae nami kidogo kwa hesabu hii, kwa sababu ndiyo roho ya jibu lote.

Tangu mwanga ulipoachiwa mpaka leo, ulimwengu umetanuka mara 1,100 hivi. Kanuni za uvutano zinasema kwamba mikusanyiko midogo hukua kwa kadiri ile ile ya kutanuka. Basi chukua wimbi letu la sentimita 1, lizidishe mara 1,100. Unapata mita 11. Ni wimbi la kuogofya kwa mwenye dau, lakini juu ya bahari ya kina cha kilomita 1 ni asilimia 1 tu. Hata ukianza na sentimita mbili au tatu, hufiki. Ili galaksi izaliwe, pale mahali pawe pazito kupita wastani kwa mamia na maelfu. Kwa hesabu hii, ulimwengu wa leo ungekuwa ukungu wa gesi hafifu usio na nyota hata moja, na hakuna Kizingitini wala mvuvi wa kuuliza. Miaka bilioni 13.8 haitoshi. Kwa hiyo hisia yako, ami, kwamba kitu kilichosambaa sawasawa hakijipangi chenyewe hivi hivi, ni sahihi kwa maada tunayoijua. Kulikuwa na mkono mwingine.

Alfajiri moja nilikuwa Ngomeni, kaskazini ya mji wa Malindi. Mtu alikuwa ametandaza wavu wake wa nailoni juu ya fito tangu jana, na usiku ulikuwa wa umande. Jua lilipochomoza nilikuwa mbali nao, hatua 20 hivi, sikuona uzi hata mmoja. Nilichokiona ni matone, yamejipanga mistari mistari, na kila penye fundo tone limenenepa likang'aa kuliko mengine, na katikati ya mistari hamna kitu, macho matupu ya wavu. Mwenyewe akaja, akaushika ncha, akautikisa mara moja, na ule wavu ukapotea machoni pangu. Alikuwa bado ameushika mkononi.

Galaksi ni matone. Wavu ni kitu tunachokiita maada ya giza, na ni kingi kuliko maada ya kawaida mara tano na zaidi. Hakitoi mwanga, hakiuzuii, hakiguswi nao. Kina uzito tu, na kwa huo uzito kinavuta. Na hapo ndipo hesabu inapopona. Katika ile miaka 380,000 ya moto, gesi ya kawaida haikuweza kukusanyika, kwa kuwa mwanga uliisukuma kila ilipojaribu, kama upepo wa mbele unavyomrudisha mwenye tanga. Maada ya giza mwanga hauijui. Yenyewe ilikuwa tayari inakusanyika, inachimba mabonde yake kimya kimya wakati gesi bado imezuiwa. Mwanga ulipoachiwa na msukumo ukaisha, gesi ilikuta mabonde yamekwisha kuwa marefu, ikateremka humo. Viwimbi vya sentimita 1 tunavyoviona kwenye picha ni vya gesi na mwanga. Wavu ulikuwa umetangulia.

Najua utasema: mtu akikwama katika hesabu akabuni kitu kisichoonekana, huyo ameikimbia hesabu. Ni hoja ya haki, ila kitu hiki hakikubuniwa kwa ajili ya hesabu hii. Mwaka 1933 Fritz Zwicky alipima galaksi za kundi liitwalo Coma akaona zinakwenda mbio mno. Uzito wa nyota zake usingeweza kuzizuia zisitawanyike. Mwaka 1970 Vera Rubin na Kent Ford walitoa vipimo vya galaksi ya Andromeda, na nyota za pembezoni zilizunguka kwa kasi ile ile ya zilizo ndani, jambo lisilowezekana ila kama kuna uzito usioonekana unaoizunguka galaksi yote.

Na mwaka huo huo wa 1970, ushahidi mwingine ukaanzia kwetu. Ukisimama ufukweni Ngomeni ukatazama Ghuba ya Ungwana utaona majukwaa ya chuma yamesimama majini kwa miguu yake. Ndiyo San Marco, kituo ambacho Waitaliano walikitumia kurushia roketi hadi mwaka 1988. Nilipokuwa mdogo niliyaona kama vyombo vilivyokwama. Hakuna aliyenieleza yalifanya nini, na hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu ni jambo ambalo kila mtoto wa Malindi na Lamu angestahili kulisikia mapema. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, roketi aina ya Scout iliruka kutoka pale ikabeba setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kwa kutazama eksirei za mbinguni. Kwa heshima ya siku ile ikaitwa Uhuru. Jina la Kiswahili, limo katika vitabu vya elimu ya nyota vya kila lugha. Pwani yetu ilichaguliwa kwa kuwa iko karibu na ikweta: dunia inavyozunguka huisukuma roketi, na njia ya juu ya ikweta hukwepa sehemu zenye mnururisho unaoharibu vipimo. Lazima chombo kipande juu, kwani eksirei za nyota haziwezi kupenya hewa yetu.

Uhuru ilifanya kazi hadi Machi 1973. Wataalamu wa setilaiti hiyo wakiongozwa na Riccardo Giacconi, aliyekuja kupewa tuzo ya Nobel mwaka 2002, waliona kwamba makundi makubwa ya galaksi, likiwamo lile la Coma la Zwicky, yanatoa eksirei, tena si kutoka galaksi moja moja bali kutoka nafasi yote iliyo kati yake. Ni kitu gani kilichojaa pale katikati? Jibu lilikamilishwa na setilaiti ya Waingereza, Ariel 5, ambayo nayo iliruka kutoka San Marco, Oktoba 1974. Iliona alama ya chuma katika eksirei za kundi la Perseus. Basi ni gesi, yenye joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi, na ndani yake mna chuma kilichopikwa katika nyota zilizokwisha kufa.

Sasa fikiria gesi yenye joto kama hilo. Chembe zake zinakwenda kasi mno, na katika makundi makubwa uzito wake unashinda wa nyota zote za galaksi zile zikijumlishwa. Sufuria ya kuizuia isitoroke haionekani. Ukipima joto la gesi unaweza kupata uzito unaohitajika kuifunga, na unatoka mwingi kuliko gesi na nyota kwa pamoja, mara kadhaa. Ni ule ule wa Zwicky, umefikiwa kwa njia nyingine kabisa. Yale makundi ndiyo mafundo ya wavu, na macho yaliyotuonyesha wazi mng'ao wa mafundo hayo yaliruka kutoka maji ambayo huenda wewe umeyapita na dau lako ukienda Malindi.

Wavu wenyewe ulichorwa baadaye. Mwaka 1986 Valérie de Lapparent, Margaret Geller na John Huchra walitoa ramani ya kipande kimoja tu cha mbingu, lakini wakiwa wamepima umbali wa kila galaksi, na galaksi hazikuwa zimemwagika ovyo. Zilikaa kwenye kuta na nyuzi, zimezunguka nafasi tupu kubwa ajabu, nyingine za miakanuru zaidi ya milioni 100. (Mwakanuru ni umbali ambao mwanga huenda kwa mwaka mmoja, kilomita kama trilioni 9.5.) Ramani zilizofuata, zenye mamilioni ya galaksi, zimeonyesha jambo lile lile kila upande.

Mfano wangu wa Ngomeni una kasoro moja na nisikufiche. Wavu wa mvuvi umefumwa kwanza, ukatandwa. Huu wa mbinguni unajifuma. Mtaalamu wa Urusi Yakov Zeldovich alionyesha mwaka 1970 kwamba mkusanyiko usio duara kamili huporomoka kwanza upande ulio mfupi, ukawa kama ukuta. Ukuta hukunjika ukawa uzi. Na maada hutiririka kwenye uzi hadi penye makutano, ndipo fundo likafungwa. Katika jambo moja wanafunzi wake hawakupata. Walidhani maada ya giza ni chembe nyepesi zendazo mbio. Chembe za namna hiyo zingefuta mikusanyiko midogo, kama maji yajaayo yanavyofuta nyayo mchangani, yakabaki makubwa tu, nayo yangepasuka baadaye kuwa galaksi. Katika miaka ya 1980 kompyuta zilipojaribu kuujenga ulimwengu huo zilipata umbo lisilofanana na ramani. Zilipowekewa maada ya giza iendayo polepole, wavu ukatokea kama tulivyouona. Kwa hiyo vidogo ndivyo vilivyotangulia, vikaungana. Haba na haba hujaza kibaba, ndivyo galaksi zilivyojengwa.

Ndani ya kila bonde ilikuwaje? Maada ya giza haiwezi kupoa, kwa sababu kupoa ni kutoa mwanga, nayo haitoi. Hubaki kama tufe kubwa lililovimba. Gesi hupoa, ikazama hadi katikati, na kadiri inavyobanwa ndivyo inavyozidi kuzunguka, mwisho ikatandika kama sahani. Ndiyo maana galaksi yetu ni bapa, na ndiyo maana Njia Nyeupe unaiona kama mkanda: tumo ndani ya sahani, tunaitazama kwa ubavu. Nyota za kwanza ziliwaka pengine miaka milioni 100 hadi 200 baada ya mwanzo. Darubini ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021, imeona galaksi iliyokuwepo ulimwengu ukiwa na umri wa miaka milioni 300 hivi, nayo inang'aa kuliko ilivyotarajiwa. Sababu yake bado inajadiliwa. Darubini hiyo nayo ina mkono wa nyumbani, maana kituo cha Malindi kilikuwa miongoni mwa vituo vya ardhini vilivyoifuatilia darubini hiyo ilipokuwa ikipanda.

Kazi ya kukusanya haijasimama. Mwaka 1994 iligunduliwa galaksi ndogo upande wa kundinyota la Mshale, inararuliwa na yetu sasa hivi, nyota zake zimevutwa kama uzi kuizunguka. Kwa upande wa mambo makubwa kabisa lakini, mlango unafungwa. Mwaka 1998 iligundulika kwamba kutanuka kunaongeza kasi, na chanzo chake kimeitwa nishati ya giza. Fundo lililokwisha kufungwa litabaki, ila galaksi ambazo hazijashikana na wenzake zitazidi kwenda mbali.

Basi mawingu yako. Januari, usiku usio na mwezi, kama saa tatu, tazama kusini. Tafuta Suheli, nyota ing'aayo sana upande huo, uiachie macho ishuke chini na kulia kidogo, kiasi cha ngumi moja na nusu hadi mbili za mkono ulionyooshwa. Utalikuta wingu kubwa. Dogo liko chini zaidi, upande wa magharibi, karibu na upeo. Wazungu wanayaita kwa jina la Magellan, ingawa mabaharia wa bahari zetu hawakumngoja Magellan ndipo wayaone. Kila moja ni galaksi kamili yenye nyota zake. Mwanga wa kubwa umesafiri miaka kama 160,000 kukufikia, wa dogo miaka 200,000. Mwanamke mmoja wa Marekani, Henrietta Leavitt, alizichunguza nyota za lile dogo zinazofifia na kung'aa kwa zamu, na mwaka 1912 akatoa kanuni ambayo Hubble aliitumia kupimia umbali wa Andromeda.

Hayaendeshwi na upepo, ni kweli, lakini yanakwenda. Lile kubwa linamvuta mdogo wake na limekwisha kumnyang'anya gesi, mkondo mrefu umetapakaa nyuma yao. Yote mawili yamo ndani ya lile tufe la giza la galaksi yetu, linayavuta. Na galaksi yetu nayo, wakati bahari yote inatanuka, inasogeleana na Andromeda kilomita 110 kila sekunde.